Mawe Ambayo Sikuyachovya

Jioni ile nilikwenda kuchukua mawe. Mawe tu, jamani. Sikwenda kwa mganga, sikwenda makaburini.

Mimi ni fundi wa kufuli. Kazi hii inakufundisha kutomwamini mtu, maana kila siku unaitwa kufungua mlango ambao mtu anaapa ni wake. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilitengeneza mlango wa daktari wa meno. Pale wanaposubiria wagonjwa nikakuta tangi la kioo lenye maji ya bahari, na matumbawe yanachezacheza ndani. Nikapagawa! Nikanunua langu, la kwanza maishani. Nikalijaza maji matamu, nikakoroga chumvi yake, nikafunga pampu na taa. Mke wangu alisema neno moja tu: "Likivuja kwenye zulia langu, Bwana Funguo, utalala humo humo."

Bwana Funguo. Jina hilo ananiita yeye peke yake.

Yakabaki mawe. Tangi la bahari halianzi na samaki. Linaanza na mawe yaliyotolewa baharini, yenye vijidudu hai vya kusafisha maji. Unayaweka, unasubiri wiki kadhaa, ndipo samaki wanaingia.

Muuzaji, tunayemwita Mama Matangi, alikuwa anafunga duka. Buti za mpira miguuni, glavu mpaka kwenye viwiko. Akanifungia mawe manne kwenye magazeti yaliyoloweshwa. Yalinuka shombo balaa.

"Ukifika usiingie nayo ndani," akaniambia. "Koroga ndoo ya maji, chumvi mara mbili ya ile ya tangi, uiache nje ya mlango. Yachovye nusu saa. Kilichojificha kwenye matundu kitatoka au kitakufa."

"Kitu gani?"

"Kaa. Minyoo." Akavuta glavu zake juu. "Na vingine."

Nikaguna moyoni. Ujanja wa biashara huo! Chumvi iue vile vijidudu, kesho nirudi kununua mawe mengine. Mimi wa kufanyiwa hivyo? Nilipofika nyumbani nikamsimulia mke wangu, tukacheka sana, nikayatumbukiza moja kwa moja kwenye tangi.

Siku ya tatu maji yalikuwa yamepungua. Hilo ni la kawaida, maji hukauka, unaongeza. Lakini maji yakikauka chumvi hubaki, kwa hiyo kipimo cha chumvi lazima kipande. Changu hakikupanda hata chembe. Basi maji yale hayakuwa yanakauka. Yalikuwa yanachukuliwa, na chumvi yake.

Nikaanza na shemeji, kaka wa mke wangu, maana anakuja kwetu kila mchana kula.

"Shemeji, unachota maji ya tangi langu?"

Akaniangalia weee. "Niyafanyie nini? Nioshee gari?"

Sikumwamini. Nikapiga mstari wa kalamu kwenye kioo. Kesho yake maji yalikuwa vidole viwili chini ya mstari.

Na mke wangu alikuwa na kiu. Anamaliza jagi zima mezani, halafu anasema bado. Pembeni mwa midomo yake kulikuwa na unga mweupe. Nikampeleka hospitali kupima sukari, akaonekana hana. Mwanamke aliyekuwa akibishana nami kwa kila jambo, hata namna ya kukunja shuka, sasa alikuwa anasema "sawa" tu. Nikaogopa. Tumekaa miaka kumi na minne, na sina mwingine.

Wiki ya pili niliacha kazi mchana, saa nane, nikarudi bila kumwambia mtu. Kufuli ya mlango wangu naifungua bila mlio. Nikasimama kwenye korido.

Glo... glo... glo...

Alikuwa amepanda juu ya kigoda, ameinamisha uso ndani ya tangi, anakunywa. Shombo imejaa nyumba nzima. Akainua kichwa, maji yanamtiririka kidevuni. Akaliangalia jiwe kubwa, akalinong'oneza kwa sauti nzito isiyo yake.

"Bado kidogo. Vumilia."

Kisha, ndani ya tangi... kwenye tundu la jiwe...

"Bwana Funguo... uko wapi? Huku kuna giza."

Ilikuwa sauti ya mke wangu.

Nywele zilinisimama. Na mnajua nilifikiri nini, mimi mjuaji? Nilifikiri kuna spika. Kwamba Mama Matangi ameficha spika kwenye jiwe, kunichezea akili. Nikatoka kinyumenyume, nikaenda mbio dukani kumkunja.

Aliniacha nikapayuka mpaka nikachoka.

"Uliyachovya?" akauliza.

"Sikuyachovya!"

"Mkeo yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani."

"Uliyemwacha nyumbani hajambo. Huyo simuulizi." Sauti yake ilishuka. "Mkeo yuko wapi?"

Nikamwambia nilivyomwona akinywa, na sauti niliyoisikia kwenye jiwe.

"Aliyejificha kwenye jiwe anaingia ndani ya mtu kwa maji yale," akasema. "Kila mtu akimeza, mwenye mwili anasukumwa nje, anakimbilia kwenye tundu la jiwe lililobaki wazi. Lakini bado anakunywa, kwa hiyo hajamaliza. Rudi. Kaa na lile jiwe, mwite mkeo mpaka arudi mahali pake. Na chumvi ya kuchovya usiisogeze karibu na jiwe, maana sasa itamuua yeye."

"Nani kakwambia yote haya?"

Akaanza kuvua glavu. "Nilikuwa na mume," akasema.

Mtu mwingine angeondoka hapo hapo. Mimi nilibaki nabishana. Nilitaka anionyeshe mawe mengine, niyapasue, nione kama yana waya ndani. Nikayapasua mawili. Hayakuwa na waya.

Nilipofika nyumbani shombo ilikuwa imeisha. Kulinukia sabuni. Mke wangu alikuwa mlangoni, mikono ya gauni ameikunja, anatabasamu. Mbele yake kulikuwa na ndoo.

"Nimekumalizia kazi yako, mume wangu," akasema. "Mawe nimeyachovya. Chumvi mara mbili, nusu saa kamili."

Nikapiga magoti. Nikamwita mke wangu ndani ya ile ndoo, kwa jina lake, mara nyingi. Maji yalikuwa kimya. Nikaingiza mkono, nikatafuta tundu la jiwe kubwa, nikapenyeza kidole.

Kitu laini kikakishika.

Kikaminya kidogo... kikalegea... kikaachia.

"Unalia nini tena?" akaniuliza yule aliyesimama nyuma yangu. Akanifuta machozi kwa kiganja. Kiganja chenyewe kilikuwa na joto, kama cha mtu yeyote.

Shemeji anasema dada yake amepona, nishukuru Mungu. Kiu imekwisha, anapika, anaimba, ananipenda kuliko zamani. Huenda alikuwa anaumwa tu. Huenda kilichonishika kilikuwa mnyoo, na Mama Matangi ana wazimu wa ujane. Najiambia hivyo kila asubuhi.

Lakini nimepiga hesabu ya muda. Nusu saa ile, kama aliyekuwa kwenye ndoo alikuwa ni yeye, alikuwa ananiita. Na mimi nilikuwa dukani, natafuta waya.