Madumu Yaliyokwenda Kisarawe

Kila kulipokucha, kabla ya kuvaa sare za shule, Editha alipanda baiskeli yake na kupeleka maandazi ya mama yake kwenye vibanda vya chai vya mtaani kwao Kinyerezi. Mfuko wa maandazi aliutundika kwenye usukani na kwenda taratibu ili usiyumbe. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya zamani na rangi yake imechubuka, lakini breki zilikamata vizuri. Kaka yake, Petro, ndiye aliyemwachia alipokwenda kufanya kazi Mtwara.

Kwa baiskeli hiyo Editha alijiunga na klabu ya baiskeli ya shule. Likizo ilipokaribia, Mwalimu Bupe, mlezi wa klabu, aliwaambia kwamba wangesafiri kwa baiskeli hadi Kisarawe, walale huko katika shule moja iliyokubali kuwapokea, kisha warudi. Ingekuwa safari yao ya kwanza.

"Hakuna gari la kutubebea mizigo," Mwalimu Bupe alisema. "Kila mtu atabeba vyake na sehemu ya chakula cha wote. Na sitaki begi mgongoni. Ukipanda mlima na begi mgongoni, unachoka mapema na baiskeli inayumba. Mzigo ukae kwenye keria, juu ya gurudumu la nyuma. Jumamosi tutafanya majaribio."

Editha hakuwa na keria. Rafiki yake, Gladness, alinunuliwa keria mpya na mabegi mawili mekundu ya kuning'iniza ubavuni. Editha aliyafungua, akayafunga, akarudi nyumbani. Hakumwomba mama yake kitu, maana alijua jibu lingemuumiza mama kuliko ambavyo lingemuumiza yeye. Alichukua akiba yake ndogo, akaenda kwa muuza vitu vilivyotumika, akachagua keria nyepesi inayong'aa. Alipokuwa akiifunga nyumbani ndipo alipoona ufa mwembamba karibu na tundu la bolti.

Muuzaji alikwisha kumwambia kwamba kitu kikitoka pale hakirudi. Editha akauzungushia ule ufa utepe mweusi, akajiambia utashika.

Jumamosi alifunga juu ya keria mfuko wa nguo pamoja na mchele wa klabu. Mwalimu Bupe alipita akikagua baiskeli moja moja.

"Imekaza?" alimuuliza.

"Imekaza, Mwalimu," Editha alijibu bila kumtazama.

Walifika salama hadi kwenye mteremko wa barabara ya vumbi. Hapo keria ilikatika. Mfuko uliangukia upande, mkanda wake ukanasa kwenye spoki, na gurudumu la nyuma likasimama ghafla. Editha akaanguka. Gladness, aliyekuwa nyuma yake, hakuwahi kufunga breki. Alimgonga, naye akaanguka na kuchubuka kiwiko. Mchele ulimwagika wote kwenye vumbi.

Mwalimu Bupe aliwainua, akaosha kidonda cha Gladness na kukifunga kitambaa safi.

"Ni lile shimo pale juu," Gladness alisema akiuma meno. "Hata mie nililiona nikiwa nimechelewa."

"Barabara hii mbovu kweli," Mwalimu alisema.

Editha alisimama ameshika kipande cha keria. Shimo lilikuwepo. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angemuuliza zaidi. Lakini damu ilikuwa imeanza kupenya kwenye kitambaa cha rafiki yake.

"Si shimo, Mwalimu," alisema. "Keria ilikuwa na ufa. Niliuona, nikauficha kwa utepe. Niliogopa utaniacha."

Gladness aligeuza uso. Mwalimu Bupe akachukua kile kipande cha chuma, akakichunguza.

"Ungeniambia asubuhi, tungetafuta njia," alisema. "Sasa nakupa mpaka Ijumaa. Uniletee keria iliyo imara na kitu cha kuwekea mzigo. Nitaipima mwenyewe. Isipofaa, utabaki."

Jioni ile Editha alimweleza mama yake kila kitu. Mama aligomba kwanza, na aligomba sawasawa. Halafu akakaa kwenye kigoda.

"Usitafute kinachofanana na cha Gladness," alisema. "Tafuta kitakachobeba."

Kesho yake walikwenda kwa Gregori, fundi wa kuchomelea. Uani kwake palikuwa na baiskeli kuukuu ya mizigo, na keria yake ya chuma ilikuwa nzima. Editha alijaribu kuipinda, akaikalia, akachunguza kila kiungo kwa kidole. Ilikuwa nzito na yenye kutu, lakini miguu yake ilishuka mpaka kwenye ekseli ya gurudumu, tofauti na ile ya kwanza iliyoshikilia chini ya kiti tu. Fundi alikubali kuibadilisha na maandazi ya chai ya asubuhi. Editha akaisugua kwa msasa mpaka viganja vikawaka.

Mabegi imara ya bei aliyoimudu hayakupatikana. Yaliyokuwa rahisi yalikuwa na mishono inayofumuka ukiivuta kidogo tu. Ndipo alipoyatazama madumu mawili ya mafuta ya kupikia ya mama yake, matupu, yenye ubavu bapa. Aliyaosha kwa maji ya moto, akakata sehemu ya juu pande tatu ili ile ya nne iwe bawaba ya kifuniko. Fundi akamkunjia kulabu za chuma za kuyatundika kwenye keria.

Aliyajaza mchanga, uzito sawa kila upande, akatoka kujaribu. Mara ya kwanza kisigino kilikuwa kikigonga dumu kila anapokanyaga. Akayasogeza nyuma. Mara ya pili dumu moja lilichomoka kwenye kulabu alipopita kwenye matuta. Alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli huku watoto wa jirani wakimcheka.

"Editha, unakwenda kuteka maji?" mmoja aliuliza.

"Nakwenda Kisarawe," alijibu, akapita.

Alikata tyubu kuukuu, akapata mikanda ya mpira, akayabana madumu kwa chini. Alirudi kwenye matuta yale yale, akayapita tena na tena. Hakuna kilichosogea.

Ijumaa Mwalimu Bupe aliitikisa keria kwa mikono miwili, kisha akampeleka Editha kwenye ule mteremko wa vumbi na mzigo wote. Waliporudi alisema neno moja tu: "Utakuja."

Siku ya safari, mvua iliwakuta wakipanda vilima vya Pugu. Matope yalishika matairi, na Editha, mwenye keria nzito kuliko wote, alishuka mara nyingi na kusukuma. Hakulalamika. Gladness aliona maji yakiingia kwenye zipu za mabegi yake. Hawakuwa wamezungumza vizuri tangu siku ya ajali.

"Una nafasi humo?" aliuliza, akionyesha dumu kwa kidevu. "Blanketi langu linalowa."

Editha alifungua kifuniko, akalikandamiza blanketi juu ya mchele mwingine wa klabu. "Samahani kwa kiwiko," alisema.

"Kinapona," Gladness alijibu. Wakaendelea kusukuma pamoja.

Kisarawe walifika giza likikaribia. Mchele ulikuwa mkavu, wakapika. Walipokuwa wakila, Mwalimu Bupe aliwatazama wanafunzi wake waliojaa matope.

"Leo nimeona mabegi mapya na nimeona madumu," alisema. "Yote yamefika. Kutokuwa na vitu vya gharama si aibu, na jitihada inaweza kukufikisha mbali. Lakini kitu kibovu ukikificha, hujihatarishi wewe peke yako. Unamweka hatarini na anayekuja nyuma yako. Semeni ukweli mapema, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Haya, nani hajashiba?"

Editha akanyoosha sahani yake.