Shemeji Alijifungulia Mlango Saa ya Mazishi

"Mulango haitafunguka, shemeki. Niliondoa kidole yako."

Gédéon aliniambia hivyo dirishani, akiwa NDANI ya nyumba yangu hapa Kasongo! Mdogo wa Antoine, mume wangu. Nilikuwa nimetoka kulala mkekani siku nane za kilio cha mume wangu, nyumbani kwa shangazi yao Marcelline.

Jamani!

Kile kitasa tulikinunua mimi na Antoine. Hakina ufunguo, unagusa kwa kidole. Gédéon alibeba simu ya marehemu, akakiunganisha kitasa na kisanduku cha sauti cha sebuleni, kile kinachotii amri. Akakifundisha sauti yake na jina lake. Sasa anasema "Ouvre", yaani fungua, kwenye ile simu, anataja kodi, zile namba za siri, mlango unafunguka. Bosi!

"Makaratasi ya parcelle, ya hii kiwanja na nyumba, niko nayo," akasema. "Rudia kwenu Wamaza."

"Na batoto ya kaka yako?"

"Tutaona."

Tutaona?!

Kesho yake familia ikakaa kwa shangazi Marcelline.

"Antoine alinipatia makaratasi mu hospitali, mukono kwa mukono," Gédéon akaapa. Uongo! Antoine aliyaweka sandukuni mwake, ndani ya nyumba.

Wasomaji wangu, huyu mtu hakufika kaburini! Udongo wa kwanza hutupwa na mdogo wa marehemu, tukamngoja juani... Baadaye akadai malaria ilimlaza Kabambare, mji mwingine kabisa.

Akiwa bado anaapa, nikafungua simu yangu. Mimi na Antoine tulitumia akaunti moja ya kitasa na kile kisanduku. Nilitaka tu kurudisha kidole changu, nikakuta orodha. Kisanduku huandika kila amri na saa yake!

Nikampa shangazi. Akasoma polepole:

"Siku ya mazishi. Saa tano na dakika kumi na mbili. Sauti ya Gédéon. Fungua mulango."



"Saa tano tulikuwa tunashusha mwili," shangazi akasema.

"Shangazi, iyo mashine inasema bongo, inadanganya..."

"Ulikuwa Kabambare, ao ulikuwa unapekua sanduku ya mufu? Sema!"

 Gédéon alitoa makaratasi mfukoni, na wajomba wakamfukuza kabla sijafungua mdomo.

Wanawake wenzangu, makaratasi ya nyumba wekeni nakala kwa mtu wa kwenu, leo hii, mume akiwa bado mzima. Msione aibu!

Nyumba nimeipata tena. Lakini Antoine alimlipia huyu mtu shule miaka sita, akazikwa bila yeye. Udongo wa kwanza niliutupa mimi. Hilo sisamehe.