Betri Iliyochoka Siku ya Harusi

Sogeeni, watoto. Na wewe unayevuta sweta ya mwenzio, mwachie. Tunaanza.

Sekela aliamka kabla ya jogoo. Leo shangazi yake, Bupe, anaolewa. Na wa kumwaga maua kanisani ni nani? Ni Sekela.

Gauni, tayari. Viatu, tayari. Kikapu cha maua, tayari. Shangazi Bupe, bado. Alikuwa chumbani, anapambwa.

"Twende?" akauliza Sekela.

"Bado," akasema Mama. "Tulia, Sekela."

Sekela alitaka kutulia. Miguu ikakataa.

Akatoka nje mbio. Tukuyu ilikuwa na baridi na ukungu, kama kawaida yake. Uani lilisimama gari la Baba. Lilikuwa gari la zamani, lakini leo limefungwa riboni nyekundu mpaka kwenye vioo. Lilipendeza, jamani.

Baba alikaa kwenye usukani na suti yake mpya. "Gari la harusi lazima liwakewake," akasema. Akawasha indiketa zote. Tiki-tika, tiki-tika.

"Na taa za mbele," akasema. "Ukungu huu, watu watatuonaje?" Akawasha na taa za mbele.

Akaja Ambokile, mdogo wake Baba. Akafungua milango yote. "Harusi gani haina muziki?" akasema. Akawasha redio ya gari. Dum-di-dum, dum-di-dum. Akachomeka na simu yake, ipate chaji.

Sekela akasikiliza. Kila kitu kilikuwa kinapiga kelele, isipokuwa injini.

"Baba, mbona gari halingurumi?"

"Nabana mafuta, mwanangu," akasema Baba. Akatabasamu. Alijiona mjanja kweli.

Basi, wakasubiri. Dum-di-dum, tiki-tika. Sekela akaenda mlangoni kwa Shangazi. Bado. Akarudi kwenye gari. Akaenda tena. Bado. Akarudi tena.

Halafu akaona jambo. Taa za mbele hazikuwa nyeupe tena. Zilikuwa za njano, hafifu, kama macho ya mtu mwenye usingizi.

Akavuta koti la Baba. "Baba, taa zinasinzia."

Baba alikuwa anasalimiana na wageni. "Tulia, Sekela," akasema.

Sekela alitaka kutulia. Miguu ikakataa.

Mara mlango ukafunguliwa. Lililililiii! Vigelegele vikajaa uani. Shangazi Bupe akatoka na gauni refu jeupe. Akaingia kwenye gari taratibu. Sekela akakaa pembeni yake na kikapu chake.

Baba akazungusha ufunguo. Nge.

Akazungusha tena. Nge... nge... tk.

Muziki ukakatika. Taa zikazimika.

"Betri imekwisha," akasema Ambokile. Akachomoa simu yake polepole, akaitia mfukoni.

Shangazi Bupe akamshika Baba bega. Mchungaji alikuwa na harusi nyingine baada ya hii. Ukichelewa, wenzako wanaingia. "Kaka, gari umelifanya nini?"

"Sijalifanya kitu," akasema Baba. "Lilikuwa limekaa tu."

Limekaa tu? Haya, sikilizeni. Taa zinakula betri. Redio inakula betri. Simu inakula betri. Na injini ikizimwa, hakuna wa kuilisha betri. Bandu bandu huisha gogo.

"Tulisukume," akasema Ambokile. "Tukilifikisha kwenye mteremko, litawaka."

Baba akabaki kwenye usukani. Mama akashika gari. Wageni wakashika gari, na vitenge vyao vya sare. "Haya, moja, mbili, sukuma!"

Gari likasogea kidogo. Likarudi.

"Moja, mbili, sukuma!"

Likasogea kidogo. Likarudi tena. Tope lilikuwa limeshika magurudumu.

Ndani ya gari, miguu ya Sekela ilicheza na kucheza. Aliogopa. Harusi ikipita, maua haya atayamwaga wapi?

"Shangazi," akanong'ona, "sisi tumelifanya gari liwe zito."

Shangazi Bupe akamtazama. Akakusanya gauni lake lote mikononi. "Shuka," akasema.

Mama akashika kichwa. "Bupe, bibi harusi hasukumi gari."

"Na asiyefika kanisani si bibi harusi, wifi," akasema Bupe. Akashika gari. Sekela akashika pembeni yake, kwa mikono miwili.

"Moja, mbili, sukuma!"

Gari likasogea. Likasogea tena. Likatoka kwenye tope, likafika kwenye mteremko, likaanza kukimbia lenyewe.

Kho. Kho-kho. Vruuuum!

Injini ikaamka. Watu wote wakalikimbilia gari. Bibi harusi akakimbia. Wa kwanza kulifikia alikuwa nani? Sekela.

Kanisani walimkuta mchungaji mlangoni. Baba aliliegesha gari juu kabisa ya kilima, pua ikitazama bondeni. Likigoma tena, litashuka lenyewe.

Sekela akatembea mbele, akamwaga maua. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Viganja vyake vilikuwa na tope. Gauni la Shangazi lilikuwa na tope. Bwana harusi aliona tope lote hilo, akacheka mpaka machozi.

Jioni Shangazi Bupe akaenda kwake na mumewe. Baba akawasha gari, wakaondoka. Lakini hakukata kona ya nyumbani.

"Baba, umepita kwetu," akasema Sekela.

"Betri bado ina njaa," akasema Baba. "Safari fupi haiishibishi. Tunaenda mpaka Kiwira, halafu tunarudi."

Vruuuum. Ikapita migomba. Yakapita mashamba ya chai.

"Baba, imeshiba?"

"Bado kidogo."

Vruuuum.

"Sasa imeshiba?"

"Bado kidogo."

Vruuuum. Hakuna aliyeuliza tena. Sekela alikuwa amelala kwenye mapaja ya Mama.

Nyumbani, Baba akaanza kukagua. Redio? Imezimwa. Taa? Zimezimwa. Simu ya Ambokile? Haimo. Milango? Akaifunga taratibu, asimwamshe mtoto.

Akampokea Sekela mikononi mwa Mama, akamlaza kitandani, akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

Kisha akatoka nje tena, kuangalia taa.

Akarudi. Akakaa kidogo. Akatoka tena.

"Umeshazima, Baba Sekela," akasema Mama. "Njoo ulale."