Sigara Tatu Hadi Mwamba wa Ng'ombe

Pilrye alikuwa akianika mwani uani. Aliutandaza mrefu vilevile, bila kuukunja wala kuukata, kwa sababu ulikuwa mwani wa supu ya mzazi, na kwa desturi yao ukikatwa ni kama kukata maisha ya mtoto. Mkwewe, Jongae, alikuwa karibu kujifungua. Mume wa Jongae, Hyonu, mwana wa Pilrye, alikuwa mbali kwenye meli za jodari.

Mikono ya Pilrye ilikuwa kwenye mwani, lakini roho yake ilikuwa baharini. Mkunga wa kisiwani alikuwa amesema mtoto amelala kikingamo, kwa hiyo Jongae asijaribu kuzalia nyumbani. Lazima avushwe mpaka hospitali ya mjini, upande wa pili wa maji. Na mwezi ule ulikuwa mwezi wa ukungu.

Kilichomtia hofu zaidi ni mumewe, Mansu. Miaka ile mashua ndogo hazikuwa na vifaa vya setilaiti. Mansu alikuwa na dira na sigara, basi. Kutoka gatini alielekea mashariki. Sigara ya tatu ikiisha, alijua ameupita Mwamba wa Ng'ombe, akageuza kushoto kuelekea mjini. Baba yake alifanya hivyo, na nusu ya wanaume wa kisiwa walifanya hivyo.

Lakini mwezi uliopita ukungu uliwakuta njiani, yeye na Pilrye. Sigara ya tatu iliisha, Mansu akageuza, na mwamba ukatokea mbele yao. Pilrye aliona chaza walioganda juu yake. Mansu aliwahi kurudisha mashine nyuma. Kijiweni alisema ukungu ulikuwa mzito, akacheka. Pilrye hakucheka, na tangu siku hiyo usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Alimaliza kuanika, akaenda kwa jirani yake, mzee Cheon. Cheon alishika usukani wa meli za mizigo kwa miaka mingi. Hakuwahi kuwa nahodha hata siku moja, lakini kisiwa kizima kilimwita Nahodha, naye hakuona sababu ya kuwakatalia.

"Nahodha, tuligeuka baada ya sigara tatu kama kawaida," Pilrye alisema. "Ule mwamba ulitoka wapi?"

"Mwamba hauna miguu, Mama Hyonu. Nyinyi ndio mlikuwa hamjaupita. Ukungu ulipoingia, mzee wako aliifanya nini mashine?"

"Aliipunguza. Nani atakimbia haoni mbele?"

"Na sigara nayo ikaungua polepole?"

"Hapana, iliungua kama siku zote," Pilrye alisema. 

"Umeona? Sigara inapima muda tu. Haijui kama mashua inakimbia au inatambaa. Ukitaka kujua umefika wapi, lazima ujue muda na kasi, vyote viwili."

"Kasi nitaionaje? Baharini hakuna mti wala nguzo ya kutazama."

"Nguzo unaiweka mwenyewe," alisema Cheon.

Akatoa ubao mdogo wa pembe tatu. Upande mmoja aliupigilia kipande cha risasi, ile madini nzito, ili ubao usimame wima majini. Akaufunga kwenye kamba ndefu yenye kitambaa chekundu, na baada ya kitambaa mafundo yaliyopangwa sawasawa.

"Ukiutupa nyuma ya mashua, maji yanaushika. Unabaki pale pale, mashua inaondoka, kamba inakutoka mkononi. Kitambaa chekundu kikipita, mwenye saa anaanza kuhesabu nusu dakika. Wewe hesabu mafundo yanayopita vidoleni. Kutoka fundo hadi fundo ni mita kumi na tano na nusu, pungufu kidogo. Yakipita manne, mashua inakwenda fundo nne, yaani maili nne za baharini kwa saa. Meli kubwa siku hizi zina kifaa chini ya tumbo, lakini nazo zinasema fundo, fundo. Jina lilitoka kwenye kamba hii."

Mara Mansu akapita na ndoo ya dagaa. "Ala! Nahodha, unamfundisha mke wangu kuvua samaki kwa ubao?"

"Namfundisha kukuokoa wewe."

"Baba yangu alipima kwa sigara maisha yake yote, na alifika."

"Yeye alifika. Chini ya ule mwamba kuna mbao za wangapi ambao hawakufika?"

 Mansu alikwenda zake na ndoo yake. Lakini Pilrye alipoiweka kamba ndani ya mashua, hakuitoa.

"Jambo moja zaidi," Cheon alimwambia Pilrye akimpa saa yake ya mkononi. "Kamba inapima mwendo wako juu ya maji. Lakini maji yenyewe yanatembea. Ukiwa ndani ya feri na ukatembea kurudi nyuma, feri bado inakupeleka mbele, au siyo? Basi mkondo ukija mbele yenu, toa kasi yake. Ukiwasukuma kwa nyuma, ongeza. Maji yakijaa, mkondo wa pale unakuja usoni, kama fundo moja hivi."

Uchungu ulimshika Jongae asubuhi, siku ambayo hata kuku uani hawakuonekana kwa ukungu. Feri haikutoka. Maji yalikuwa yakijaa.

Walimlaza Jongae juu ya magodoro ndani ya mashua. Pilrye alipakia mwani wake mrefu, akaufunga kwenye fimbo usije ukavunjika. Mansu aliwasha mashine, akaishusha mwendo kwa ajili ya ukungu, akawasha sigara.

"Tupa ubao wako basi," alisema bila kugeuka, "kama utakutuliza."

"Nipe saa, Mama," Jongae alisema. "Nikiwa na kitu cha kutazama, nitajisahau kidogo."

Ubao ulizama kidogo, ukasimama. Kamba ikakimbia. "Sasa!" Pilrye alisema kitambaa kilipopita. Fundo la kwanza. La pili. Jongae aling'ata midomo kwa maumivu, lakini macho hayakutoka kwenye saa. La tatu. La nne.

"Basi!" Jongae akapaza sauti nusu dakika ilipokwisha.

"Fundo nne," Pilrye alisema. "Toa moja ya mkondo, tunakwenda tatu. Nahodha anasema mpaka kuupita mwamba ni maili tatu. Ni saa nzima, Baba Hyonu."

"Saa nzima! Mimi nafika kwa nusu saa."

"Mashine ikiwa juu. Leo umeishusha."

Mansu akaendelea kuvuta sigara yake. Pilrye alitupa ubao tena na tena, na kila mara yalikuja mafundo manne. Sigara ya tatu ikafika kwenye vidole vya Mansu. Mkono wake ukaenda kwenye usukani.

"Usigeuze!"

"Mama Hyonu, tukipitiliza tutapotea baharini na huyu mtoto!"

"Tuko nusu ya njia tu. Nakuomba. Kama huniamini mimi, iamini kamba."

Pilrye aliivuta kamba ndani. Na kama amekosea kuhesabu? Je, kama mkondo leo si ule wa siku zote? Alitamani kulia, lakini hapakuwa na nafasi ya kulia. Mansu alimtazama mkewe, akamtazama Jongae. Akaitupa sigara majini, akashika mashariki vilevile.

Walikwenda hivyo hivyo ndani ya ukungu. Kisha, upande wa kushoto, mbele kidogo, wakasikia mawimbi yakipiga jiwe. Sauti ikakua. Ikawa ubavuni. Taratibu ikabaki nyuma. Jongae alitazama saa, na saa ilikuwa karibu kutimia.

"Sasa geuza," Pilrye alisema kwa sauti ndogo.

Mansu akageuza.

Mchana ule ule Jongae alipasuliwa, akapata mtoto wa kike. Jioni alipoweza kumeza, Pilrye alimletea supu ya mwani aliyoipika jikoni kwa mke wa mlinzi wa hospitali. Mansu alisimama mlangoni, kofia mkononi.

Muuguzi alimwuliza, "Mzee, kisiwani kwenu ni mbali?"

"Ni sigara..." Mansu alianza, akakatiza. "Inategemea mashua inakwenda fundo ngapi."

Muuguzi alipotoka, Mansu aliketi kando ya mkewe. 

"Ningegeuza, Mama Hyonu," alisema. "Ningegeuza pale."

"Najua," Pilrye alisema, akamsogezea bakuli. "Kula. Halafu ukaianike kamba, isije ikaoza."