Saruji Kwenye Paa la Babu Oronzo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nunzia alifagia kizingiti, akatoa nje kiti cha bibi yake, Bibi Cesaria, na kufunga pazia la mlango pembeni. Ilipofika saa tatu wageni walianza kupanda mtaa wao katika mji wa Alberobello, wakiinua shingo kutazama mapaa. Nyumba zote za mtaa ule zilikuwa trulo: kuta nene zilizopakwa chokaa nyeupe, na juu yake paa la mawe bapa ya kijivu, lililochongoka kama pia iliyogeuzwa chini juu. Mawe yale hayakushikwa na saruji wala udongo. Yalikaa tu, moja juu ya jingine.

Wageni walikuwa wamesikia sifa za nyumba hizo kabla ya kufika, na wengi walikuja na shaka, kama watu waliowahi kudanganywa na picha nzuri. Babu Oronzo aliwatambua kwa nyuso zao. Aliwaingiza ndani, akawaonyesha ukuta ulio juu ya kitanda cha Bibi, akasema neno moja, "Gusa." Mgeni aliweka kiganja. Hata mvua ikiwa inamwagika nje, ukuta ulikuwa mkavu. Mgeni alitabasamu, shaka ikamtoka, na Babu akaridhika. Paa lile alikuwa amelipanga upya kwa mikono yake miaka ishirini iliyopita, na halikuwahi kuvuja.

Mwishoni mwa Septemba ilifika sikukuu ya watakatifu wa mji, Kosma na Damiano. Nunzia, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alitaka kuona maandamano kutoka juu. Yeye na rafiki yake Graziella walipanda ngazi za mawe nyuma ya nyumba hadi mahali palipo bapa. Babu alikuwa amemwonya tangu utotoni kwamba pale bapa anaweza kusimama, lakini kwenye pia yenyewe ya paa mguu wake usifike.

Graziella alilalamika kwamba hawaoni kitu ila migongo ya mapaa. Nunzia akapanda hatua mbili zaidi. Mawe matatu yaliteleza chini ya kiatu chake, na moja likaanguka uani likapasuka.

Angesema siku ile, kazi ingemchukua Babu nusu ya asubuhi. Lakini Babu alikuwa amevaa suti yake nyeusi, akiwa miongoni mwa wabeba sanamu za watakatifu, na Nunzia hakutaka kuuharibu uso wake wa furaha. Kesho yake akaona imekuwa vigumu zaidi kusema. Basi akamwendea fundi aliyekuwa akijenga ukuta wa jirani, akamwomba saruji iliyobaki kwenye karai, akisema ni ya kazi ya shule. Akayagandisha mawe mahali pake, akaziba pengo la lile lililopasuka, kisha akapaka majivu na udongo juu yake mpaka rangi zikapatana. Ukitazama kutoka chini, hukuona tofauti.

Novemba mvua ilianza, ikanyesha siku tisa. Upepo mzito ulitoka kusini, na mji wote ukanuka moshi wa kuni mbichi. Siku ya nne, doa lenye ukubwa wa sahani lilitokea ukutani juu ya kitanda cha Bibi. Siku ya saba lilikuwa limefika kwenye mto wake wa kulalia. Bibi, ambaye kifua chake hakikuwa na nguvu, alianza kukohoa, akaacha hata kukanda tambi zake za umbo la sikio alizokuwa akizitengeneza kila Jumapili. Babu alihamisha kitanda. Alipanda mara mbili kwa goti lake bovu, akalikagua paa, lakini macho yake yalikuwa yamechoka na ukungu ulikuwa mzito. Hakuona kitu.

Shuleni Graziella alimchokoza Nunzia mbele ya wenzake. "Nyumba yenu maarufu siku hizi inakojoa kitandani?"

Wote walicheka. Baadaye, walipokuwa wawili, Nunzia alimwambia kwamba anafikiri kusema ukweli. Graziella aliona huo ni ujinga.

"Nani atakujua?" alisema. "Paa halina mdomo."

Siku ya tisa wageni wawili walibisha hodi, mume na mke wazee, makoti yao yakichuruzika maji. Babu alisita mlangoni. Hata hivyo hakuwahi kumrudisha mtu kwenye mvua, kwa hiyo aliwaingiza. Yule mwanamke alikuwa ameshaambiwa na waliomtangulia kuhusu ukuta. Kabla Babu hajazungumza, alinyoosha mkono mwenyewe, akaweka kiganja juu ya doa.

Kiganja kilitoka kimelowa. Mwanamke yule alikitazama, akakifuta kwenye koti kwa adabu, akatabasamu. Tabasamu hilo halikuwa kama la wageni wengine. Mumewe alijifanya kutazama dirisha. Walishukuru, wakaondoka, na Babu akabaki amesimama ameukabili ukuta.

Jioni ile alimpigia simu mwanawe, baba yake Nunzia, aliyekuwa akifanya kazi mbali, Torino. Nunzia alisikia kila neno. Babu alisema nyumba itafungwa, nao watatu watahamia kwenye ghorofa ya shangazi huko Taranto kabla ya Krismasi. Bibi hawezi kuvumilia unyevu huo. Na yeye mwenyewe, alisema, amekwisha. Kumbe alipanga mawe vibaya, akawasifia watu kazi mbovu miaka yote hiyo. Alipokata simu alichukua nyundo yake, ile yenye mpini uliochimbika kwa vidole vyake, akaanza kuifunga kwa kitambaa.

"Babu, usiifunge," alisema Nunzia.

"Kalale, mama."

"Hukupanga vibaya. Ni mimi. Nilikanyaga ile pia ya paa siku ya sikukuu, mawe yakatoka. Nikaweka saruji."

Babu aliacha kufunga. "Saruji," alisema polepole, kama mtu anayerudia jina la ugonjwa aliotajiwa na daktari. Kisha akauliza, "Bibi yako anakohoa siku ngapi sasa?"

"Tatu."

"Na wewe ulikuwa unahesabu."

Nunzia angependa apigiwe kelele.

Mvua ilipokatika, Babu alikaa pale bapa juu ya gunia, Nunzia akapanda ngazi ya mbao iliyoegemezwa kwenye pia. Alipewa nyundo na patasi. Saruji haikukubali kuachia. Kila alipogonga, jiwe zima lililokuwa jirani lilipasuka pamoja nayo, mawe ambayo yalikuwepo kabla Babu hajazaliwa. Matatu yakawa kumi na moja. Nunzia alilia akigonga, na Babu hakumwambia aache.

Kisha alimfundisha kupanga. Kila jiwe liiname nje kidogo, lichukue maji na kulipatia jiwe la chini yake; saruji ilikuwa imeyazuia, yakatafuta njia ya ndani. Alilolipanga Nunzia kwa haraka, ilibidi alitoe tena. Siku ya tatu walimwaga ndoo nzima ya maji juu, Nunzia akakimbia ndani kutazama. Hakuna hata tone lililoingia.

Walipokuwa wakikusanya zana, Babu alisema:

"Wazee wetu walijenga bila saruji ili nyumba iweze kufunguliwa. Ukikosea jiwe, unalitoa, unaliweka tena, yamekwisha. Ulipokanyaga ulifanya kosa la namna hiyo. Ungeniambia, tungelifungua siku ile ile. Ulipolificha ndipo ulipolitia saruji, na ili kulitoa imebidi kuvunja yasiyokuwa na hatia. Usifiche kosa, mjukuu wangu, hata kama unayemficha unampenda. Hasa ukiwa unampenda."

Hawakuhamia Taranto. Bibi alipona, ingawa kikohozi kilimshika hadi Februari na tangu hapo hakukaa tena nje wakati wa baridi. Wale wageni wawili hawakurudi; huko kwao labda bado wanasimulia kwamba nyumba za Alberobello zina sifa tu.

Ukuta ulipokauka, Nunzia alileta chokaa na brashi afute doa. Babu alimzuia. Alimwambia aliache, na yeyote atakayeuliza, Nunzia ndiye amjibu.

Aprili wageni walijaa tena mtaani. Mmoja aliweka kiganja ukutani, akakiona kikavu, kisha akaonyesha lile duara la kahawia lililobaki na kuuliza ni kitu gani. Babu alimtazama mjukuu wake. Nunzia alisogea mbele, akaanza kueleza.