Oveni ya Washindi wa Pili

Maiti haikuwepo. Damu haikuwepo. Kilichokuwepo mbele ya kaunta ya kituo cha polisi, huko Temeke, Jumatano ile asubuhi, ni watu watatu waliokaribia kukunjana mashati kwa sababu kila mmoja alidai kuwa yeye ndiye wa pili.

"Wa pili ni mie!"

"Wewe umetokea wapi? Ujumbe wangu huu hapa, soma!"

"Nyie wanawake, heshimuni mvi. Wa pili ni mimi, na nimeshalipa."

Inspekta Kokuberwa alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Alishaona watu wakitoana meno kwa kugombea nafasi ya kwanza. Ya pili haikuwahi kumletea kesi.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia mwenye mvi.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Polikarpo. Nimeibiwa oveni."

"Na wewe, dada?"

"Editha. Nimeibiwa oveni."

"Na wewe, mdogo wangu?"

Wa tatu alikuwa na unga viwikoni, kama mtu aliyetoka jikoni mbio. "Gladness. Naoka keki hapa Mtoni. Nimeibiwa oveni."

"Kwa hiyo oveni tatu."

"Moja!" walijibu kwa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu waingie.

Koplo Shomari, aliyekuwa akiandika maelezo, aliweka kalamu chini. "Afande, hawa tuwafungulie jalada au tuwatafutie daktari?"

"Wape viti kwanza."

Taarifa ilitoka vipandevipande. Kulikuwa na mnada kwenye mtandao uitwao Piga Bei. Muuzaji alijiita Duka la Neema, na alikuwa ameweka picha ya oveni kubwa ya umeme iliyotoka kwenye hoteli iliyofungwa. Watu wakaanza kutaja dau. Kila walipopanda, mtu mmoja aliyejiita Simba wa Kinyerezi alipanda juu yao. Mwisho wakachoka, Simba akashinda.

Kesho yake kila mmoja wao akapokea ujumbe kwa siri: mshindi ameshindwa kulipa, wewe ndiye uliyemfuatia, umepewa nafasi ya pili. Tuma hela ya dau lako la mwisho, oveni inakuja.

Wote watatu walituma. Oveni haikuja kwa yeyote.

"Mie yangu ya zamani iliungua," Gladness alisema, na sauti yake ikapungua nguvu. "Nilichukua akiba yangu yote ya kikundi. Jumamosi ya wiki ijayo nina keki ya harusi ya ghorofa tano. Malipo ya awali nimeshanunulia unga na mayai. Ile keki isipotoka, afande, hapa Mtoni nitaitwa yule dada aliyeharibu harusi ya watu. Hata maandazi hawataninunulia tena."

Kokuberwa hakutania. Alimsogezea chai yake.

*

Ofisini, yeye na Shomari walipekua minada yote ya Duka la Neema. Jenereta: mshindi Simba wa Kinyerezi. Friji: Simba. Kitanda cha chuma: Simba. Mashine ya kunyolea ndevu: Simba.

"Huyu bwana ana nyumba kubwa kiasi gani?" aliuliza Kokuberwa.

"Hana nyumba, afande. Huyu ni muuzaji mwenyewe kavaa manyoya. Anajipandishia bei. Akikosea akajiuzia mwenyewe, anamrudia mteja na hiyo nafasi ya pili yake."

"Safari hii kawarudia wateja watatu kwa mpigo. Laini ya simu?"

"Imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja wa Kilosa. Nimempigia kwa namba yake nyingine. Kaniuliza oveni ni mnyama gani. Lakini minara inaonyesha simu yenyewe inashinda na kulala Mbezi Beach."

"Mbezi Beach kuna watu wengi kuliko mchanga."

Ndipo Gladness, aliyegoma kurudi nyumbani, alipogonga mlango. Alikuwa amekumbuka kitu. Ile dakika mnada unafungwa, Simba aliandika maneno ya ajabu hadharani, halafu akayafuta haraka. Yeye alikuwa ameshayapiga picha ya skrini.

Kokuberwa alisoma. Akasoma tena. Akaanza kucheka mpaka kofia ikamtoka.

Simba wa Kinyerezi alikuwa ameandika: *NIMENUNUA! NAMZAWADIA MAMA MCHUNGAJI!*

"Sijaelewa," alisema Shomari. "Mama Mchungaji anaingiaje kwenye oveni?"

"Ninyi watoto wa madrasa hamuwezi kuijua hii. Kwetu Bukoba, na makanisani kwetu hapa mjini, ibada ikiisha tunatoka nje, tunanadi sadaka. Mtu kaleta kuku, mwingine mkungu wa ndizi. Dalali anasimama, watu wanapandisha. Ukishanunua, mara nyingi huondoki nacho. Unapaza sauti: namzawadia fulani. Watu wanashangilia."

"Kwa hiyo huyu mwizi..."

"Kazoea. Amepandisha kwa raha zake, kashinda, mdomo ukamponyoka. Kasahau kwamba yuko kazini anaiba." Aliokota kofia. "Aliwahi kukutumia ujumbe wa sauti, mdogo wangu?"

Gladness alikuwa nao. Sauti ya kijana, changamfu, yenye mapigo kama ya ngoma: "Bwana asifiwe, sista! Nafasi ya pili hiyo, inakwenda, inakwenda!"

"Hiyo siyo sauti ya muuzaji," alisema Kokuberwa. "Hiyo ni sauti ya dalali wa ibadani. Shomari, Jumapili mimi niko kazini. Kanisani."

*

Jumapili ile, huko Mbezi Beach, Kokuberwa aliabudu kuliko alivyoabudu mwaka mzima. Ibada ya alfajiri kanisa la kwanza, dalali alikuwa mzee mwenye kikohozi. Kanisa la pili, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya filimbi. La tatu, jirani na barabara ya kwenda ufukweni, Kokuberwa alitoka nje na waumini, akajipanga karibu na meza ya sadaka akiwa na gauni la kitenge na pingu ndani ya mkoba.

Kijana mwenye suti ya bluu alipanda juu ya benchi akiwa amembeba jogoo.

"Bwana asifiwe! Jogoo huyu kala mahindi ya Mbozi, kanywa maji ya chupa! Nani anaanza? Inakwenda, inakwenda!"

Kokuberwa alisogea hatua moja mbele. Ndiyo hiyo. Ngoma ileile.

Akataja bei. Mzee mmoja akapanda. Kokuberwa akapanda. Mzee akakaa kimya, na pale kimya kilipotaka kuganda, dalali mwenyewe alinyanyua mkono.

"Na mie naongeza! Mnaniachia jogoo wa watu kwa bei ya yai?"

Waumini wakacheka. Kokuberwa akapanda tena, dalali naye tena. Inspekta alinyamaza kwa makusudi.

"Nimenunua!" kijana alipaza sauti, akachomoa noti mfukoni, akazitia kwenye kapu la sadaka. "Namzawadia Mama Mchungaji!"

Makofi. Vigelegele. Mama Mchungaji, kama ilivyo desturi, akamgeuzia mgeni wa siku hiyo: "Nami namzawadia dada yetu mgeni, karibu sana!" Hivyo ndivyo Kokuberwa alivyojikuta na jogoo kwapani.

Alisubiri watu wapungue. Kwa mkono uliobaki alibonyeza ile namba iliyosajiliwa kwa jina la bibi wa Kilosa. Simu ikaita ndani ya suti ya bluu.

"Haloo, Duka la Neema?" alisema Kokuberwa akiwa hatua moja nyuma yake. "Mimi ni mshindi wa nne. Kuna nafasi ya nne?"

Kijana aligeuka. Akaona kitambulisho cha polisi. Akaona jogoo.

"Uko chini ya ulinzi. Usikimbie. Huyu nikimwachia, anadonoa."

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na jogoo mmoja aliyefungwa kamba kwenye mguu wa meza. Shomari alimsomea mtuhumiwa onyo lake.

"Jina?"

"Brightson."

"Kazi?"

"Nauza vitu vilivyotumika. Nina stoo hukohuko Mbezi."

"Duka la Neema ni la nani?"

"La mtu tu."

"Mtu gani?"

"Mie."

"Na Simba wa Kinyerezi?"

Brightson alimtazama jogoo, akaona hakuna msaada. "Naye ni mie, afande."

"Mko wengi. Oveni iko wapi?"

"Stoo. Ipo, nzima kabisa."

"Moja?"

"Moja."

"Na umewauzia watatu. Ulitaka kuikata vipande kama keki?"

"Nilianzaga kidogo tu, afande. Napandisha ili vitu visiende kwa bei ya kutupa. Siku ile wakaniacha ghafla, nikabaki nimejiuzia mwenyewe. Nikatuma nafasi ya pili kwa mmoja, akalipa. Nikawaza, je, huyu mwingine?"

"Akalipa."

"Tena haraka zaidi." Aliinamisha kichwa. "Kanisani nikipandisha bei watu wananipigia makofi. Nikajiambia ni kitu kilekile."

"Kanisani ukipandisha, unalipa mwenyewe," alisema Kokuberwa polepole. "Leo nimekuona kwa macho yangu. Umetoa noti zako. Mtandaoni ulipandisha, wakalipa wenzio. Tofauti unaijua. Sasa niambie kwa nini."

Jibu likatoka kwa mkupuo.

"Harusi, afande! Naoa Jumamosi. Kamati yangu ni ya watu wa kuahidi. Mjomba aliahidi ng'ombe, akaleta pole. Wazazi wa mchumba wangu, Hope, wanatoka Tukuyu, nimeshawaambia ukumbi, gari lenye maua, keki ya ghorofa tano. Nimesema kwa mdomo huuhuu. Ningerudi kwao kusema nini?"

Kokuberwa aliacha kuandika. "Keki ya ghorofa ngapi?"

"Tano."

"Mmeagiza wapi?"

"Hope ndiye alitafuta. Kuna dada Mtoni, simjui. Mie nilituma tu malipo ya awali, jioni ileile..."

"Jioni ileile uliyopata hela ya oveni."

Kokuberwa alimfungulia mlango Gladness, aliyeitwa kituoni kuja kuitambua sauti. "Mdogo wangu, hebu ingia."

Gladness aliingia, akamtazama kijana kuanzia viatu mpaka tai. "Ghorofa tano, krimu nyeupe, maua ya zambarau, juu yameandikwa Brightson na Hope?"

Brightson alifumba macho.

"Ulinilipa kwa hela yangu mwenyewe!" Gladness alisema. "Halafu ukaikalia oveni ya kuokea keki yako!"

Shomari alitoka nje haraka. Walimsikia akicheka mpaka kwenye kaunta. Gladness alijikaza, akashindwa, naye akacheka huku akifuta machozi. Jogoo akawika.

*

Hope alikuja jioni, akasikia yote.

"Ghorofa tano nilizitaka mimi?" alimuuliza mchumba wake. "Nilikutaka wewe. Futa ukumbi. Futa gari. Rudisha hela za Mzee Polikarpo na Dada Editha kwanza, halafu ndiyo tuzungumze kama kuna harusi."

Zilirudishwa. Oveni ilipigwa picha kama kielelezo, kisha Gladness akakabidhiwa kwa dhamana ya maandishi, na Shomari akajitolea kwenda kuikagua kila keki ya majaribio ilipoiva. Kesi ya kujipatia fedha kwa udanganyifu ilipangiwa Jumatatu ya baada ya harusi, na Brightson akatoka kwa dhamana, maana bwana harusi mwenye siku yake hatoroki.

Jumamosi walioana, kwenye uwanja wa kanisa, chini ya turubai la kuazima. Keki ilikuwa ya ghorofa moja, laini kama pamba. Kipande cha mwisho kilinadiwa kwa ajili ya sadaka, na aliyenadi ni yule mzee Polikarpo, aliyealikwa na Hope na kuja na hasira zake zote, zikaisha kwenye pilau.

Bei ilikwama. Mkono wa Brightson ukanyanyuka wenyewe, kisha akamwona Kokuberwa kwenye viti vya mbele, akaushusha kama kaguswa na moto.

"Pandisha," inspekta alimwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Hapa unalipa mwenyewe."

Brightson akapandisha. Akajipekua mifuko yote, akatoa alichokuwa nacho, akakitia kapuni.

"Nimenunua," alisema, na safari hii hakupiga kelele. "Namzawadia Dada Gladness."

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Gladness alikipokea kipande, akakila chote palepale, akiwa amesimama, bila kumgawia mtu.