Nusu Lita Iliyopungua

Nzi hawatui kwenye oili chafu ya gari. Rogath alilijua hilo tangu utoto, maana alikulia nyuma ya gereji ya baba yake mdogo kule Rombo, na hakuwahi kuona nzi mwenye akili timamu akihangaika na oili. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, alipotoka uani na mswaki mdomoni akawakuta wamejaa kwenye kishimo cha kona, wanene, wamepandana migongoni, alisimama hadi povu la dawa ya meno likamdondokea kifuani.

Oili hiyo aliimwaga yeye mwenyewe, jana yake, baada ya misa.

Gari lake lilikuwa limeanza kuteleza gia. Pale kwenye mataa ya Msimbazi injini ilinguruma, mshale ukapanda, gari likabaki palepale huku watu wa nyuma wakimpigia honi na kumtajia mama yake. Mafundi wa Gerezani walitaka kuishusha giaboksi nzima. Rogath alikuwa na duka la mabegi Kariakoo, na aliamini hakuna kazi duniani inayomshinda mtu mwenye simu na bando. Akatazama video nne, akanunua oili, akasema ataibadilisha mwenyewe, uani kwake, kwenye nyumba waliyopanga Mchikichini.

Haraka alikuwa nayo, tena si ya mchezo. Mkewe Candida alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za mwanzo ziliharibika hapahapa mjini, na safari hii mama yake Rogath alishasema kwenye simu, kwa sauti isiyojadiliwa, kwamba mtoto huyu atazaliwa nyumbani, mlimani. Gari likigoma huko katikati ya Segera na Same, Candida angebaki kando ya barabara na tumbo lake. Rogath aliliwaza hilo kila alipolala.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Alipasha injini moto, akaliinua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi, akajilaza chini yake juu ya maboksi, akafungua boliti ya kumwagia. Oili ya gia ikiwa mpya ni nyekundu, kama juisi ya rozela. Hii ilitoka nyeusi, inanuka mboga iliyoungulia. Akashusha sampo, lile sinia la chuma chini ya giaboksi, akafuta tope la chuma lililoganda kwenye sumaku zake, akabadili chujio, akafunga. Akapima alichotoa: lita nne. Akarudishia lita nne mpya, kama video ilivyoagiza.

Ikabaki hiyo chafu. Kuimwaga kwenye mtaro wa barabarani kungemletea mjumbe mlangoni. Ndipo akakiona kile kishimo cha kona, upana wake kama sufuria ya ubwabwa, kingo zake zimejengewa mawe yenye weusi wa zamani. Warithi wa marehemu mzee Mwinshehe, walipowapangisha nyumba, hawakusema lolote kuhusu kona ile. Rogath akainamisha beseni.

Na hapo mdomo ukamponza. Kwao Rombo, kabla ya safari, baba yake humwaga mbege kidogo, pombe ya ndizi, kwenye shina la mgomba na kuwaita wazee waliolala pale, halafu Jumapili anakwenda kanisani kama kawaida. Rogath, mikono imeloa oili hadi kwenye viwiko, akaigiza sauti ya baba yake.

"Pokeeni, wazee wangu. Kunyweni mshibe, mtufikishe nyumbani salama."

Candida alicheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni akitafuna udongo, ule wa wajawazito unaouzwa sokoni kwa vipande. "Utawalewesha," akasema.

Sasa, Jumatatu, Rogath aliwafukuza nzi kwa ndala na kuchungulia. Lita nne zilikuwa zimekauka zote. Mawe ya kingo yalikuwa yamelambwa yakang'aa, na juu yake kulikuwa na ute unaovutika kama mlenda. Akaugusa kwa ncha ya kijiti. Ulikuwa wa vuguvugu, na asubuhi ile jua lilikuwa bado halijafika uani. Alitema povu la mswaki juu yake, akaenda kazini bila kunywa chai.

Jumatano gari likaanza kunuka. Ilianza kama harufu ya oili iliyoungua, akajifariji. Kufika mchana, limeegeshwa mtaa wa nyuma ya duka, wachukuzi wa mikokoteni wakawa wanapita upande wa pili wameziba pua. Jioni akafungua boneti uani, injini ikiunguruma, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia na kukifuta kwa tishu nyeupe. Kilichobaki kwenye tishu kilikuwa chekundu cheusi, kimeganda, chenye ngozi juu kama uji uliopoa. Alipokibonyeza kikapasuka, kikatoa maji.

Candida alikuwa amesimama nyuma yake. Siku ileile Rogath alikuwa amemletea udongo mpya kutoka sokoni, mfuko mzima, na mkewe alishukuru akautundika kwenye msumari.

"Unasikia harufu hii?" Rogath akamuuliza.

"Naisikia," akasema Candida, akameza mate. "Inanukia vizuri."

Rogath akaguna. Tumbo hilo, akawaza. La kwanza lilimfanya apende harufu ya mafuta ya taa.

Jumamosi alifunga duka mapema. Saa saba mchana, jua limesimama utosini na mtaa mzima umejifungia ndani kwa joto, akaingia tena chini ya gari. Alijiambia kwamba ameuziwa oili feki na kwamba mtu mwenye akili angeimwaga na kuanza upya. Akalegeza boliti.

Haikutiririka. Ilining'inia kwanza, ikavutika, halafu ikaanza kudondoka kwa mapande, chubwi, chubwi, kila pande likitikisika ndani ya beseni kama ini la mbuzi, na moja likamwangukia shavuni likateremka polepole hadi kwenye pembe ya mdomo, lina chumvi, na kabla hajalitema alikuwa ameshalionja. Akajikaza. Akashusha sampo kwa sababu mikono yake haikujua kufanya lingine, na pale kwenye sumaku, mahali ambapo Jumapili kulikuwa na tope la chuma tu, sasa kulikuwa na nywele, nyembamba, laini, za mtoto, zimejizungusha na kushika kucha ndogondogo, nyingi, nyeupe kama punje za mchele, na katikati ya kucha hizo jino moja la utotoni lenye nyama kwenye shina lake, na akiwa bado amelishikilia sampo lile juu ya uso wake, asiweze kulitupa asiweze kuliweka, akasikia kule kwenye kona ya ua kitu kikinyonya, taratibu, kwa raha, kinapumzika kuvuta pumzi na kunyonya tena, kama kichanga kilichopewa titi.

Alitambaa kutoka chini ya gari akatapika hadi nyongo. Alipoinua macho, Bi Tatu, jirani wa ukuta wa pili, alikuwa amesimama getini ameziba pua kwa upande wa kanga.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Mangi, umemwaga nini kwenye kona ya mzee Mwinshehe?" Alimwita Mangi kama mtaa ulivyowaita Wachaga wote, ila kwa sauti ya chini, macho yake yako kwenye kishimo.

"Oili. Oili ya gari tu."

"Nyekundu?"

"Ilikuwa nyeusi. Ila asili yake nyekundu."

"Ukasema neno?"

Rogath akamwambia, neno kwa neno, na aibu ikamshika kama aliyekutwa bila nguo.

Bi Tatu akashusha pumzi. "Mzee Mwinshehe alikuwa na mtu wake pale. Kila mwezi damu ya kuku mweusi, bila kukosa. Alipokufa watoto wakasema wao watu wa dini, wakamwacha na njaa miaka sita. Wewe umekuja, umempa chekundu, umemwambia pokea, unywe ushibe. Unafikiri yeye anajua utani?"

"Anataka nini?"

"Anatafuta pa kukaa. Na mkeo ana mimba." Aliitazama nyumba. "Yuko wapi?"

"Amelala."

"Muache alale. Ulimwaga kiasi gani?"

"Lita nne."

"Ulimpa kwa mkono wako, utamnyang'anya kwa mkono wako. Nne zote zirudi. Isibaki hata tone."

Akaleta chetezo na ubani, na kipande cha kanga kuukuu. Rogath akapiga magoti penye mawe. Udongo wa juu ulikuwa mkavu, ila mkono ulipozama hadi kwenye kiwiko akakuta umajimaji, mzito, wa moto, kama ndani ya mnyama aliyechinjwa sasa hivi. Alichota tope, akalikamua ndani ya kanga, nyeusi ikachuruzika kwenye dumu. Akachota tena. Bi Tatu alisoma kimyakimya nyuma yake. Safari ya kumi au ya kumi na mbili, huko chini kabisa, kitu kisicho na meno kilikishika kidole chake cha kati na kukinyonya. Rogath alilia waziwazi, mtu mzima, mwenye duka, na aliendelea kuchota.

Kishimo kikakauka. Mkono ukawa unatoka na vumbi. Bi Tatu akanyanyua dumu kwenye mwanga.

"Tatu na nusu," akasema.

"Nyingine imekwisha. Amekunywa."

"Angekunywa yeye usingeipata hata hii. Alikuwa anaitunza." Alinong'ona sasa. "Nusu lita imetoka humu, na wewe hukuitoa. Nani mwingine huwa anakuja kwenye kona hii?"

"Hakuna. Tuko wawili tu."

Bi Tatu aliitazama tena nyumba. Alilifunga dumu kwa kanga ili alipeleke kwa kaka yake Kisarawe, mtu wa kazi hizo, akamwambia waondoke kabla ya magharibi. Rogath akaosha sampo kwa petroli mara tatu, akatia oili mpya, akapakia mabegi. Candida alitoka akiwa mchangamfu, mashavu yamejaa, kuliko alivyopata kuonekana katika mimba zote tatu.

Gari likaenda laini kabisa. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, gia zikiingia bila kusikika. Harufu ilikuwa imekwisha. Jua lilipoanza kuzama mbele ya Chalinze, Rogath alijikuta anapiga mluzi, na moyo wake ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Kwenye kiti cha nyuma aliona mfuko wa udongo aliomnunulia mkewe Jumatano. Fundo lake lilikuwa halijafunguliwa.

Pembeni yake Candida alikuwa anatafuna.

"Unakula nini?"

Candida akafungua pindo la kanga. Vilikuwa vipande vyeusi, vinang'aa, na harufu ya mboga iliyoungulia ikajaa ndani ya gari.

"Umevitoa wapi, Candida?"

"Pale kwenye kona. Nakula tangu Jumapili ile." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Ule wa sokoni hauna ladha tena."

Rogath akakanyaga breki. Breki ikazama hadi chini na gari halikupunguza mwendo. Gia ikajibadili yenyewe, laini, kuelekea kaskazini. Katika kimya kile akasikia kunyonya, taratibu, kwa raha, na kulitoka chini ya gauni la mkewe.

Candida akaweka mkono juu ya tumbo akalipapasa. Meno yake yalikuwa meusi.

"Si ulimwomba atufikishe nyumbani?" akasema. "Basi mwache atufikishe."